Fensi ya Bwawa la Baba Mkwe

Jumapili, 1 Juni

Nimefua tangu saa moja asubuhi. Vidole vimekufa ganzi. Mashuka hayatakauka leo wala kesho, hii ni Uyole ya mwezi wa sita. Mtu mwenye akili zake mwezi huu anachemsha hata maji ya kunawa uso. Baba mkwe amejaza bwawa la kuogelea.

Limekamilika rasmi. Vigae vya bluu, pomboo wawili wamechorwa sakafuni, taa ndani ya maji. Mchungaji amekuja baada ya ibada kulibariki. Nyumba hii ina watu watano na hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Mchungaji naye alisimama mbali na ukingo, akanyoosha mkono kutokea huko huko. Wageni wamepiga picha mpaka simu zimeisha chaji. Hakuna aliyetia hata kidole.

Walipoondoka, baba mkwe ameweka kiti cha plastiki ukingoni. Koti la sufi, kofia ya kufunika masikio, blanketi magotini. Amekaa anatazama maji hadi jua limezama. Miaka thelathini ameuza mchele, kaishia kutazama maji.

Hakuna kizuizi. Hakuna hata kamba. Tumpe wangu ana miaka miwili na nusu na hajawahi kutembea, anakimbia tu.

Jumanne, 3 Juni

Dukani. Nondo, saruji, misumari. Mchana wateja wakapungua, nikapiga hesabu ya fensi. Kama kuna kitu nakijua duniani ni bei ya chuma, miaka sita nauza vifaa vya ujenzi.

Mzunguko wa mita thelathini. Skwea paipu, chuma cha mraba, urefu wa kunifika kifuani. Vyuma vya kusimama tu, vilivyokaribiana kiasi kwamba kichwa cha mtoto hakipiti. Vya kulala viwe juu kabisa na chini kabisa, katikati kisiwepo kitu cha kukanyagia. Geti moja lenye springi, lijifunge lenyewe. Komeo juu, upande wa ndani. Rangi ya kuzuia kutu. Fundi wa kuchomelea hapa jirani kasema kazi yake na vifaa vyangu, milioni mbili na laki sita.

Fundi wa vigae aliyetoka Dar kuchora wale pomboo alilipwa zaidi ya hapo. Najua kwa sababu risiti yake ilipitia mikononi mwangu.

Alhamisi, 5 Juni

Ningekuwa mke wa mahali pengine ningemwendea baba mkwe, ningempa karatasi, basi. Hapa haiwezekani. Kwa Wanyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Nilipoolewa nilielezwa siku nzima. Nisimpe mkono. Nisimtazame. Nisipite mbele yake akiwa amekaa. Nikimkuta njiani, mimi ndiye nageuka. Jina langu halitaji, lake silitaji. Chochote nachotaka kumwambia kipitie kwa mume wangu au kwa mama mkwe.

Sina ugomvi na mila. Kwetu Kilolo pia mama yangu hali meza moja na mume wangu, anakula chumbani na anaona raha tu. Ni heshima, nimeishika miaka minne bila kukosea.

Ila huyu mzee anaishika anapotaka. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo yupo na mimi nipo. Kila asubuhi anatuma maua ya waridi yameandikwa "Amkeni Salama Wapendwa". Mimi ni mmoja wa wapendwa. Kwenye simu mwiko haupo.

Na kuna hili ambalo nimeliona leo, likanitoa jasho kwenye baridi hii. Kila siku kuanzia saa kumi yeye anakaa pale ukingoni. Akikaa pale, mimi siwezi kufika pale. Na Tumpe anamfuata, kwa sababu babu ana karanga mfukoni.

Jumapili, 8 Juni

Nimemwambia Lusajo. Nimempa karatasi ya hesabu. Akaitazama juu chini, akaikunja. "Nitaongea naye."

Huyu ndiye mume wangu. Ana miaka thelathini na nne, anakaa kwenye vyumba viwili vya uani kwa baba yake, na ana msingi wa nyumba Mbalizi ambao umeota mgagani. Mwaka wa tatu huu anasema mvua zikiisha anapandisha ukuta. Kwenye simu na rafiki zake ana sauti nzito kweli. Mbele ya baba yake anakuwa mdogo kuliko Tumpe.

Jumatano, 11 Juni

"Umeongea naye?"

"Nasubiri awe vizuri."

Mzee yuko vizuri tangu bwawa lijae. Hajawahi kuwa vizuri hivyo. Anapigia simu watu wa Tukuyu, wa Kyela, wa Mbozi, anawaambia waje waone. Anaongea kwa spika ili na majirani wafaidi.

Mama mkwe naye nimemwambia. Akasema, "Nyamaza kwanza, mwanangu." Ndilo neno lake. Ukiungua na mafuta, nyamaza kwanza. Mume akikuudhi, nyamaza kwanza. Sijui huyu mama alizaliwa na ulimi wa nini.

Jumamosi, 14 Juni

Jana nilichoka kungoja. Nikaipiga picha karatasi ya hesabu, nikairusha kwenye kundi la ukoo. Nikaandika: "Shikamooni wazee wetu. Haya ni makadirio ya uzio wa bwawa kwa ajili ya usalama wa mtoto. Naomba mtushauri."

Watu kumi na saba wakaweka alama ya mikono ya maombi. Maombi kumi na saba. Fensi hakuna.

Leo mzee amejibu. Sauti ya dakika nne, nimesikiliza nikiwa chooni. Hakunitaja, ng'o. "Kuna mtu humu ndani ana haraka ya kutumia hela za wenzake." Kisha: bwawa ni kitu cha kutazamwa. Watu wataanza kuja kupigia picha za send-off hapa, nani atapiga picha nyuma ya vyuma? "Mimi sifugi kuku." Na mtoto anafundishwa, hafungiwi. Na yeye mwenyewe yupo pale kila siku anamwangalia mjukuu wake.

Anamwangalia! Nilimwona Jumatano kwa dirisha la jiko, kidevu kimelala kifuani, anakoroma, na mtoto anamchomoa karanga mfukoni. Nilisimama pale dirishani nusu saa bila kupumua mpaka mama mkwe akaja akamchukua.

Lusajo ameweka mikono ya maombi kwenye sauti ya baba yake. Nimeona. Nimemuuliza. Kasema ni heshima tu.

Jumatano, 18 Juni

Mzee amelishughulikia jambo la usalama. Amemwita mchora mabango. Kibao chekundu, fuvu na mifupa miwili, maandishi meupe: HATARI. KINA KIREFU. WATOTO HAWARUHUSIWI BILA MZAZI. Kimesimikwa ukingoni kwa saruji.

Tumpe anajua herufi moja, O, na anaiita yai. Amelipenda sana fuvu. Anakwenda kulisalimia. Kabla ya kibao alikuwa anakwenda bwawani kwa ajili ya karanga, sasa ana sababu mbili.

Nimecheka peke yangu dukani hadi bosi akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 21 Juni

Niandike tu, la sivyo sitalala.

Saa kumi na nusu. Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Lusajo sebuleni na mpira. Mama mkwe kwenye bustani yake ya mboga, nyuma ya bwawa. Baba mkwe kwenye kiti, simu sikioni, anamweleza mtu wa Mbozi habari za pampu.

Kandambili moja ya Tumpe ilikuwa inaelea. Nimeiona kwa dirisha. Tumpe amechuchumaa ukingoni, mkono mbele. Kisha hayupo.

Kutoka mlango wa jiko hadi ukingoni ni hatua nane. Nimezipima baadaye. Lakini hatua ya nne inapita mbele ya kiti chake.

Miguu yangu iligeuka yenyewe. Nilitoka mlango wa mbele. Nikazunguka nyumba, nikapita tanki la maji, nikainama chini ya kamba ya nguo, nikatokea upande wa bustani. Mtoto wangu yumo majini na mimi nazunguka kwa adabu.

Nilipofika mama mkwe alikuwa amelala kifudifudi kwenye vigae, mboga zimetawanyika, ameshamvuta kwa gauni. Baba mkwe amesimama, blanketi limedondoka, anaita "Tumpe! Tumpe!" kama vile mtoto angeitika na kutoka mwenyewe. Simu bado inaongea mkononi. Aliponiona akanigeuzia mgongo. Na mimi nikainamisha macho. Wakati ule ule! Mtoto anatapika maji na sisi tunaheshimiana.

Yuko hai. Midomo ilikuwa ya bluu. Daktari amesikiliza kifua, kasema kiko safi, tumrudishe akianza kukohoa au homa. Sasa amelala, nimemweka kifuani, namsikiliza.

Nimemdharau mzee kwa bwawa lake. Nimemdharau mume wangu kwa woga wake. Nimemdharau mama mkwe kwa ulimi wake. Na mwenye kuzunguka nyumba ni nani? Ni mimi.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani. Mama mkwe naye alibaki. Wanaume walipoondoka akaja uani na kigoda chake, akakaa, akaanza kumenya maharage mabichi bila kuambiwa.

Kisha akasema, hakunitazama: "Jana ulizunguka. Nilikuona."

Nikalia. Nilidhani anakuja kunisema.

"Na mimi nilizunguka," akasema.

Kabla ya Lusajo alikuwa na mtoto mwingine wa kiume. Sikujua. Miaka minne ndani ya nyumba hii sikujua. Walikuwa wanaishi kijijini, chini ya Tukuyu. Kulikuwa na shimo la kufyatulia matofali, mvua imelijaza. Baba mkwe wake yeye amekaa karibu na shimo na wazee wenzake, wanakunywa. Akamwona mtoto anaelekea kule. Hakuweza kupita mbele ya wazee. Akazunguka kwa nyuma ya migomba. Alipofika wazee walikuwa bado wanakunywa, hakuna aliyesikia kitu.

Alisimulia akiendelea kumenya, ganda huku, punje kule.

"Mama, sasa mimi nifanye nini?"

Akafikiri. "Mila inasema usipite alipokaa. Haijasema usikae kabla yake. Ukikaa wewe kwanza, wa kugeuka ni yeye. Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia."

Akachukua bakuli lake, akaenda kupika. Nimeandika neno baya juu ya ulimi wake kwenye kurasa hizi. Sifuti, libaki nilione.

Jumatano, 25 Juni

Kilolo. Nilimwambia Lusajo naenda kwetu na mtoto, akasema "sawa". Nilitaka anizuie. "Sawa!" Basi hadi Iringa mjini, kisha gari la Kilolo, Tumpe amelala njia nzima.

Huku kaka amechimba bwawa la perege bondeni. Nimeliona tu, nikamshika Tumpe mkono. Nikasogea. Lina uzio pande zote, mianzi imesukwa, miiba juu, kimlango cha kamba. Baba alimwambia kaka hakuna samaki kabla ya uzio. Gharama yake panga moja na asubuhi mbili. Baba hana hata jozi mbili za viatu za kubadilisha.

Nikafikiria kubeba mianzi hadi Uyole. Yule mzee angeing'oa siku ile ile, inaharibu sura.

Nimemsimulia baba yote. Akasema, "Kaa hapa. Watakufuata." Mama akasema, "Akikaa hapa lile bwawa litajengewa uzio na nani?" Mama kanishinda akili siku zote.

Ijumaa, 27 Juni

Nimerudi. Nimemwomba bosi niwe natoka saa tisa badala ya kumi na moja. Amekubali, kwa kunikata mshahara. Naandika hii kama sehemu ya bei ya fensi, maana hakuna mwingine atakayeiandika.

Lusajo kanipokea stendi. Kapungua. Kasema nyumba ilikuwa kimya. Nikasema ungeenda kutazama pomboo.

Jumamosi, 28 Juni

Saa tisa na nusu nimetoka jikoni na kigoda, beseni la viazi na kisu. Nimejifunga khanga mbili. Nimetembea zile hatua nane. Kiti chake kilikuwa kitupu. Nimekaa kando ya kiti, juu ya vigae vyake vya bluu, Tumpe nimemfunga mgongoni. Nimeanza kumenya.

Saa kumi kamili mlango wa sebule ukafunguka. Sikugeuka. Nikasikia viatu, hatua mbili, tatu. Vikasimama. Vikasimama muda mrefu. Kisha vikarudi ndani na mlango ukafungwa.

Nimemenya viazi hadi vikabaki vidogo. Lakini nilikaa.

Jumatatu, 30 Juni

Nimekaa. Dengu leo. Mzee alichungulia kwa pazia.

Jumatano, 2 Julai

Jana alijaribu kuja saa tisa. Mama mkwe akanipigia dukani, "Mwanangu, harakisha." Nikapanda pikipiki. Nikamkuta bado anatafuta kofia yake. Nadhani kofia ilifichwa na mtu.

Leo amemtuma Lusajo. Mume wangu kasimama mbele yangu, mikono mfukoni. "Baba anauliza utakaa hapa mpaka lini."

"Mwambie mimi ndiyo fensi. Sihitaji rangi wala springi."

"Mama Tumpe, unanitia aibu."

Nikamuuliza mtoto wake alipokuwa majini ni dakika ya ngapi ya mpira ilikuwa. Akaondoka. Baadaye akarudi na koti lake zito, akaniwekea mabegani. Upepo wa hapa unakata mbavu. Nimelivaa. Bado nina hasira naye.

Jumamosi, 5 Julai

Leo ilikuwa tamu. Wazee wa kanisa kutoka Mbozi wamekuja kuona bwawa, amewaalika mwenyewe tangu mwezi uliopita. Suti, tai, zawadi ya ndizi mkungu mzima. Mimi nimekaa pale tangu saa saba na maharage ya kuchambua.

Hakuweza kutoka. Amewaonyesha bwawa kwa dirisha la sebule. Nilisikia sauti yake ikieleza kina, pampu, taa. Mmoja akauliza, "Kwani hatutoki nje?" Akarudia habari za pampu. Mwingine akauliza yule mama ni nani. Akaitisha chai. Wakanywa chai, wakaondoka.

Nimechambua kilo tano za maharage. Sijawahi kuchambua maharage kwa furaha namna hii.

Jumapili, 6 Julai

Kikao. Baba mdogo wa Lusajo kaletwa kutoka Tukuyu. Wao sebuleni, mimi chumba cha pili, mlango wazi nusu, ndivyo inavyotakiwa. Tumpe kanilalia mapajani.

Baba mdogo aliongea muda mrefu. Mkwe amemvunjia mzee heshima ndani ya mji wake. Baba yangu alete ng'ombe kutoka Kilolo. Hapo hapo wakaanza kupanga ng'ombe: wa rangi gani, atachinjwa siku gani, nani alete mchele, nani soda, turubai la kukodi. Ndani ya robo saa walikuwa wameshapanga sherehe yenye gharama ya nusu ya fensi, na kila mtu ana hela. Mwezi mzima nawaambia mtoto atakufa, hakuna aliyekuwa na hela.

Kisha mama mkwe. Sikutegemea. "Ng'ombe wa kosa gani?"

Baba mdogo: "Shemeji, wewe nyamaza kwanza."

"Nimenyamaza miaka thelathini na sita." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mkwe wangu alipita mbele yake? Hakupita. Alimtazama? Hakumtazama. Amekaa, na aliyekaa kwanza anapishwa. Siku ile mtoto ameanguka alishika mila yenu, akazunguka nyumba nzima. Kama si mboga zangu leo mngekuwa mnakodi turubai la msiba. Mimi nimeshazika mmoja kwa kuzunguka. Mume wangu unajua. Ulichimba kaburi mwenyewe."

Nikasikia kiti kinasukumwa, mtu anatoka nje. Ni baba mkwe. Hakwenda bwawani. Alikwenda kusimama barabarani, akatazama malori yanavyopita hadi wageni wakaondoka.

Lusajo kaja chumbani macho mekundu. Hakujua kwamba aliwahi kuwa na kaka.

Jumanne, 8 Julai

Fundi amekuja kupima. Ametumwa na mzee, kwa karatasi yangu, ile ile aliyosema ni ya mtu mwenye haraka. Bei imepanda laki moja na nusu, chuma kimepanda. Ningecheka kama nisingekuwa na usingizi. Angesikia mwezi wa sita angeokoa hiyo laki na nusu akanunulia kofia nyingine.

Jumatatu, 14 Julai

Fensi imesimama. Imesimama na maua.

Huyu fundi! Karatasi imesema vyuma vya kusimama tu. Yeye kazoea magrili ya madirisha, kaona pamekaa wazi, kaweka mapambo ya duara mstari mzima, usawa wa goti. Kasema ni ofa. "Mama, bila maua inaonekana kama jela."

Sikubishana naye. Nimemweka Tumpe chini mbele ya fensi, nikamvisha viatu. Mguu wa kwanza kwenye ua. Mguu wa pili. Mikono juu. Hata dakika haikuisha, tumbo limeshafika juu ya fensi, anacheka. Nikamshusha.

Mzee alikuwa nyuma ya pazia la sebule. Nimeona pazia likitikisika. Baada ya muda mfupi mama mkwe akatoka mbio kumwambia fundi: "Mwenye nyumba anasema yakatwe yote. Leo. Hata moja lisibaki." Na fundi akauliza nani atalipia kukata, na kutokea ndani, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikasikia sauti ya baba mkwe ikipiga kelele kwa jambo la maana: "Kata! Nitalipa!"

Jumamosi, 19 Julai

Rangi imekauka. Mzee ameichagua mwenyewe, ya dhahabu. Inatisha. Haidhuru.

Bosi amenirudishia saa zangu, si hela iliyokatwa. Sitaidai.

Leo baba mkwe amerudi kwenye kiti chake saa kumi. Geti limejifunga nyuma yake. Nilikuwa jikoni. Hanisemeshi kupitia kwa mtu yeyote, hata kupitia kwa mama mkwe. Wiki nzima chakula changu kinarudi nusu. Najua ananichukia kidogo na sina la kufanya.

Tumpe akakimbilia getini. Akasukuma. Akavuta. Akaita babu. Babu hakugeuka. Akaanza kulia, kile kilio cha kujirusha chini, mguu huku mguu kule, hadi jirani akachungulia juu ya ukuta. Lusajo akainuka kwenda kumchukua. Nikamwambia amwache.

Nikasimama na kisu mkononi nikamsikiliza. Mapafu yake yanafanya kazi. Analia kwa nguvu zake zote na hakuna maji mdomoni. Nilikuwa sijui kama mtu anaweza kutulia hivi kwa kilio cha mtoto wake.

Kisha akanyamaza ghafla. Kisu kikanidondoka, nikawa mlangoni bado sijajua nimefikaje.

Baba mkwe alikuwa amesogeza kiti hadi kwenye fensi. Amekaa, mgongo kwenye vyuma. Tumpe amekaa chini upande wa huku, mgongo kwenye vyuma pia. Mkono wa mzee umepita katikati, kiganja wazi, na mtoto anaokota karanga moja moja.

Nimerudi jikoni. Nimeosha kisu, nimemalizia viazi.